Hamu ya sukari na kula kwa stresi: vya mimea vya kununua hapa Mtwara, na vya kuacha

Wadau wa Mtwara na Lindi, wengi wetu tukiwa na mawazo mkono unaenda kwenye soda na visheti hata kama tumbo limeshiba, na siku hizi vidonge vya "kukata hamu ya sukari" vinauzwa kila kona, basi nawapangia kwa ninavyoona mimi kabla hamjatoa hela.

Namba moja uwatu, wala sisiti. Upo sokoni kwa wauza viungo, unauloweka usiku unakunywa asubuhi, nyuzinyuzi zake zinavimba tumboni unakaa umeshiba na sukari ya damu haipandi kwa kasi. Nusa kwanza, usiponukia vizuri ujue umekaa sana dukani. Jasho litanukia uwatu, ni kawaida. Mjamzito asiutumie kwa wingi.

Ya pili isabgol, yale maganda ya mbegu za psyllium yanayouzwa famasi. Yanashibisha kweli ila glasi nzima ya maji ni lazima, la sivyo yanakwama kooni, na dawa zako zingine ziachanishe nayo kama masaa mawili. Chukua isiyo na ladha maana zile za machungwa zingine zimetiwa sukari!

Ya tatu gymnema, mmea wa dawa wa India. Jani lake likigusa ulimi linaziba utamu nusu saa mpaka saa moja hivi, ukila pipi huisikii kabisa, lakini kazi hiyo inafanyika ulimini kwa hiyo kidonge cha kumeza hakikupi hilo, tafuta unga au majani. Ukiwa unatumia dawa za kisukari au insulini muone daktari kwanza, sukari inaweza kushuka mno.

Mlonge ni lishe nzuri ila kwa hamu ya sukari usiununulie.

Halafu 5-HTP, inatoka kwenye mbegu za Griffonia ya Afrika Magharibi, wanaiuza kwa wenye mawazo. Kama unatumia dawa za sonona USICHANGANYE, ni hatari. Na jamani, kama unakula kwa kujificha mpaka unaumwa, hiyo hela ya vidonge iwe nauli ya hospitali ukaongee na mtu, huzuni haitibiwi na kopo.

Ya mwisho Garcinia, vile vidonge vya tunda vya kupunguza uzito, mimi nasema acha, imeshahusishwa na kuumia ini.

Chochote cha kopo au pakiti utakachochukua, kiwe na viambato vilivyoandikwa na usajili wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, muuzaji akianza kuzungukazunguka ukimuuliza hilo, rudisha mezani uondoke.