Hilux ya 5L, singo kabini: pikapu inayoheshimu mzigo

Mtu akiniuliza anunue pikapu gani ya biashara, humwambia azunguke nyuma kwanza. Mbele, magari yote ya siku hizi yanapendeza. Kazi iko nyuma: kwenye bodi, kwenye springi, kwenye ekseli, na katika ile nafasi inayobaki baina ya tairi na bodi mzigo ukishakaa.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi huku Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa. Simiti, mabati, mbao, vyuma, tangi za maji, mabomba. Gari linalowapelekea wateja wangu mizigo ni Toyota Hilux singo kabini, yaani ya viti vya mbele tu, lile umbo lililotengenezwa kuanzia 1997 hadi 2004, injini ya dizeli ya 5L (hilo ni jina la injini, si lita tano), gia za mkono. Ni gari la zamani na nimelifanyisha kazi kwelikweli, kutoka Mtongwe hadi Msambweni, na ndani kabisa kule Kinango, sehemu ambako lami husikika kwa habari tu. Naandika habari zake kwa sababu naona vijana wanaoanza biashara wakichukua mkopo wa dabo kabini, ile yenye viti vya nyuma, inayong'aa, kisha wanakodi gari la mwenzao kupeleka mzigo. Inaniuma.

Nianze na bodi, maana hapo ndipo pesa inapoingia. Bodi ya singo kabini yangu inazidi mita 2 kwa urefu. Ya dabo kabini huwa kama mita 1.5. Mtu asiyebeba atasema nusu mita si kitu. Haya, chukua bati la mita 3 ulilaze kwenye hizo mbili. Kwenye yangu, sehemu kubwa ya bati imelala juu ya chuma na kinachotokeza nyuma ni kipande cha kufungia kitambaa chekundu. Kwenye dabo kabini, nusu ya bati iko hewani, linapigapiga njia nzima, na ukifika kwa mteja limepinda pale lilipokuwa likigonga ukingo. Mteja hapokei bati lililopinda, na ana haki.

Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ina hila yake. Nafasi baina ya nundu mbili za tairi ni ndogo kuliko futi 4, kwa hiyo plaiwudi haifiki sakafuni. Sisi hutanguliza simiti chini mpaka ilingane na zile nundu, kisha plaiwudi hulala juu yake, mbao juu ya plaiwudi, na turubai juu ya vyote. Utingo wangu amepanga hivyo mara nyingi hata siku hizi haniulizi. Vyuma vya ujenzi vya mita 12 hukunjwa katikati na kupanda juu ya fremu tuliyochomelea nyuma ya kabini, na hapo ndipo utajua thamani ya vile vikulabu vya kamba vilivyo nje ya bodi, huku na huku. Kamba hupita, hukazwa, mzigo hautikisiki. Dabo kabini nyingi za sasa ubavu wake ni laini, za kupendeza, na mtu akitaka kufunga kamba hana pa kuishika.

Mlango wa nyuma nao ukiulaza unakaa sawa, utingo anasimama juu yake na mfuko begani. Jambo dogo, lakini jaribuni kushusha simiti kwenye gari ambalo mlango wake haustahimili mtu.

Sasa springi. Nyuma zipo za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na ukiliendesha tupu utazichukia. Kwenye matuta linaruka, tumbo linacheza, abiria analalamika. Dada yangu hulikataa kabisa. Akiliona tu anatafuta tuktuk. Mimi namwambia gari hili halikutengenezewa yeye. Tia tonne 1 nyuma, yaani mifuko 20 ya simiti ya kilo 50, kisha upande tena: limetulia, linakwenda kwa adabu. Gari lenye springi laini nyuma ni tamu likiwa tupu, na likipakiwa hukalia mkia. Mkia ukishuka, pua hupanda, tairi za mbele zinakosa uzito, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na taa usiku zinamulika vilele vya minazi badala ya njia. Kwenye barabara ya Lunga Lunga, yenye malori na waendesha baiskeli wasio na taa, hiyo ni hatari tupu.

Wako wanaoongeza majani ya springi ili wabebe mifuko 30. Nilimuuliza fundi wangu, mzee mmoja tunayemwita Ami, kama nami nifanye hivyo. Akafuta mikono, akaniambia, "Mama, ukiongeza majani umeimarisha springi peke yake. Chesisi ni ile ile. Breki ni zile zile. Beringi za tairi ni zile zile." Sikumuuliza tena. Mifuko 20, basi. Mteja akitaka 40 tunakwenda mara mbili, na nauli anailipa mara mbili, na anaelewa akielezwa.

Injini ndiyo itakayowakimbiza wengi. 5L ina ujazo wa sisi (cc) 2986, silinda nne, haina tabo ya kusukuma hewa, na nguvu zake ni kama farasi 100 tu. Haina haraka. Ukitoka Kombani kupanda Kwale na mzigo, dereva anashuka gia mapema, na matatu zinakupita zikikupigia honi. Waache wapite. Injini hii inavuta kutoka chini, mguu wako ukiwa umetulia, na haibadiliki sauti mpaka juu mlimani. Pampu yake ya dizeli kwenye gari langu ni ya mitambo, si ya kompyuta. Maana yake ni kwamba likigoma Kinango, fundi wa pale mwenye spana na akili atalifungua na kuliamsha. Injini za sasa zenye tabo na zinazosukuma dizeli kwa presha kubwa zina nguvu zaidi na zinakula kidogo, sikatai hata kidogo. Lakini nozeli zake hazivumilii dizeli chafu, na sehemu ninakopeleka mabati, dizeli nyingine huuzwa kwa mtungi kando ya njia.

Lina masharti mawili. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kwa wakati wake, usingojee dalili, kwa sababu ukikatika vali na pistoni hugongana na injini imekwisha. La pili ni joto. Injini za ukoo huu wa L zikichemka, kichwa cha silinda huweza kupasuka, na hapo gharama inakaribia injini nyingine. Kwa hivyo radieta iwe safi, feni ishike, na muhimu kuliko yote kwa sisi watu wa pwani, usitie maji ya kisima ndani ya radieta. Visima vyetu vingi ni vya chumvi. Mtu anaona ni maji tu, anajaza, na chumvi inaanza kula kutoka ndani. Mimi hununua maji ya radieta ya dukani na dereva ana dumu lake nyuma ya kiti.

Hapo tumefika kwenye kutu, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana kutu ndiyo inayoua pikapu Mombasa. Haziuawi na mzigo, wala na mashimo ya njiani. Upepo wa bahari unaleta chumvi mwaka mzima, kaskazi na kusi, na gari la Likoni linaivuta usiku na mchana hata likiwa limeegeshwa. Juu unaweza kupaka rangi. Chini, kwenye chesisi, pale springi za nyuma zinaposhikwa, mchanga wenye chumvi hujikusanya, hunyeshewa, hukauka, na chuma kinaliwa polepole huku wewe unapangusa vioo. Tena wapo wanaoosha gari kwa yale yale maji ya kisima. Wanaosha na kuongeza.

Langu huoshwa chini kwa maji ya mfereji, kwa nguvu, hasa likitoka kubeba mchanga. Likikauka, Ami hupaka oili chafu kwenye chesisi na ndani ya zile mbavu za chuma kwa kutumia bomba. Nguo zinachafuka na kibanda kizima kinanuka, lakini njia hii ya mafundi wa hapa imelihifadhi gari langu. Sakafu ya bodi nimeiwekea mbao. Simiti ikimwagika na ikapata unyevu haishiki kwenye chuma, na mbao zikioza hung'olewa zikawekwa nyingine kabla ya masika.

Feri nayo ni mtihani ambao mtu wa Nairobi hataufikiria. Maji yakipwa, mteremko wa kuingilia unakuwa mkali. Una tonne 1 nyuma, mbele yako kuna gari limesimama, nyuma yako kuna umati wa watu wanaotembea, na unatakiwa uondoke taratibu bila kurudi nyuma hata kidogo. Klachi iliyochoka hujulikana hapo, na hendibreki pia. Gia ya kwanza ya Hilux hii ni fupi, gari linaondoka hata kabla hujakanyaga mafuta sana. Na lina kimo. Chini hakikwaruzi kitu pale mteremko unapokutana na sitaha, mahali ambapo gari ndogo zilizopakiwa huacha ngozi. Siku hizi, nikichukua mabati Changamwe, dereva hupitia Dongo Kundu, barabara inayokwepa feri. Ni safari ndefu zaidi kwa kilomita, lakini hangojei foleni na mzigo juani. Hata hivyo upande wa kisiwani, kwa wateja wa Majengo na Makadara, feri ndiyo njia fupi.

Watu wataniuliza kuhusu magari mengine. Wazee wetu walibeba kwa Peugeot 504 pikapu, na ile ilikuwa gari la kazi la haki, bodi ndefu na mgongo wa chuma. Hapa Kenya iliendelea kutengenezwa mpaka 2004. Bado ningeisifu, ila spea zimekuwa za kuwindwa. Isuzu D-Max singo kabini, inayounganishwa Nairobi, naiheshimu sana: bodi nzuri, springi za kweli, spea zimejaa. Kama ningekuwa nanunua gari jipya leo, ningezitazama hiyo na Hilux mpya bega kwa bega na kuchagua kwa kupima bodi na kuuliza bei ya klachi. Land Cruiser 79, yenye injini ya 1HZ ya sisi 4164, kubwa kuliko za zote hizi, bei yake ni ya mashirika na serikali, na kwa duka la simiti ni ukubwa utakaoulipia bila kuutumia. Probox inabeba kuliko inavyoonekana, ni kweli, lakini tangi la maji la lita 1,000 utalitia wapi?

Dabo kabini siichukii. Mwenye kampuni ya ujenzi anayepeleka mafundi wanne na sanduku la vyombo, hiyo ndiyo yake. Nasema tu kwamba mwenye kuuza mzigo hahitaji viti vitano. Kila kiti cha nyuma kimekata kipande cha bodi.

Kwa anayetaka kununua Hilux ya aina hii: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo utakayoipata imeishi humu humu nchini, na swali la kwanza ni imeishi wapi. Iliyokaa bara ina chesisi nzuri zaidi kuliko ya pwani, hata kama rangi yake imechoka. Hakikisha jina la muuzaji ndilo lililosajiliwa NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, na uulize karatasi za ukaguzi wa gari la biashara. Kisha lala chini na nyundo ndogo. Gonga chesisi kuanzia nyuma ya kabini mpaka mwisho, hasa pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti nzito, na wakati mwingine nyundo inaingia. Ukiona rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu la pwani, ikwangue ujue imefunika nini. Mwenye gari zuri hatakasirika. Injini iwashwe ikiwa baridi, wewe ukiwapo. Muuzaji akikupokea na gari limeshapashwa moto, rudi siku nyingine.

Halafu pakieni. Usinunue pikapu uliyoijaribu tupu. Mifuko 20, mtoke Likoni mpaka Kombani, mpande Kwale, mtazame kipimo cha joto, mteremke kwa gia na kusikiliza difu, yale magia ya ekseli ya nyuma, kama inalia. Mkirudi, pima kwa mkono nafasi iliyo juu ya tairi za nyuma, kushoto na kulia, zilingane. Kama hamna mzigo wa kujaribia, piteni dukani, nitawaazima simiti, mradi irudi kavu.