Kozi ya mtandaoni ya visasili vya Ugiriki: uzoefu wangu baada ya wiki 10

Nimefundisha visasili kidato cha tatu kwa miaka 11, na kila mwaka nilianza kwa sentensi ileile: kisasili ni hadithi inayoeleza asili ya jambo. Wanafunzi waliiandika, wakaikariri, wakapata alama zao mbili, tukahamia mighani. Likizo ya Aprili mwaka huu nikajisajili kwenye kozi ya mtandaoni kuhusu visasili vya Ugiriki ya kale, inayotolewa kwa Kiingereza na chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Kabla ya kuanza nilitafuta maoni ya mtu aliyeisoma akiwa huku kwetu, nikakosa. Ndiyo maana naandika.

Gharama kwanza. Kusoma ni bure. Cheti ndicho kinacholipiwa, na malipo yanataka kadi ya benki. Pesa za simu hawapokei. Mimi sikuhitaji cheti. Video ni ndefu, zingemaliza bando langu lote, lakini kila moja ina maandishi yake kamili ya kupakua, faili dogo tu. Nikawa natazama video ya kwanza ya kila wiki ili nisikie majina yanavyotamkwa, zilizobaki nazisoma jioni kwenye simu. Sikuona nilichopoteza.

Kinachoipa kozi hii thamani ni swali ambalo mhadhiri halichoki: hadithi hii ilisimuliwa na nani, mbele ya nani, na watu walikuwa wakifanya nini walipoisimulia? Silabasi yetu yenyewe inasisitiza kwamba fasihi simulizi haitengani na utendaji, lakini sikuwahi kukiuliza kisasili swali hilo.

Chukua Prometheus. Karibu kila mtu anajua aliwaibia miungu moto akawapa watu. Lakini kwa Hesiod, mshairi aliyeishi yapata miaka 700 kabla ya Kristo, ugomvi unaanzia kwenye nyama. Miungu na watu wamekutana mahali paitwapo Mekone, ng'ombe amechinjwa, na Prometheus ndiye anayegawa. Nyama nono anaificha ndani ya tumbo la ng'ombe lisilopendeza macho. Mifupa mitupu anaifunika kwa mafuta meupe yanayong'aa. Zeus, mfalme wa miungu, anachagua mafuta. Hadithi hiyo ilisimuliwa na watu ambao kwenye kila sadaka waliwachomea miungu mifupa na mafuta, kisha wao wenyewe wakala nyama. Walijua kwamba mgao huo una kasoro, nao wakawa na hadithi ya kuubebea. Hapo ndipo nilipoanza kuiona sentensi yangu ya miaka 11 kuwa nyembamba. Hadithi hii haielezi chanzo cha jambo na kuishia hapo. Inawaweka watu karibu na jambo linalowasumbua kila siku ya kuchinja.

Wiki ya Demeter, mungu wa kike wa nafaka, peke yake ingetosha kunifanya niipendekeze kozi nzima. Utenzi wa kale unaosimulia habari zake una mistari 495, na umetufikia kupitia nakala moja ya mkono iliyopatikana Moscow mwaka 1777. Zeus anamwoza binti yake Persephone kwa nduguye Hades, mtawala wa kuzimu, bila kumwambia mama mtu. Binti yuko kondeni na wenzake wanachuma maua. Ananyoosha mikono yote miwili kulichukua ua moja zuri kuliko yote, ardhi inapasuka. Demeter anasikia ukelele. Siku tisa anazunguka dunia na mienge mikononi, hali wala haogi.

Anafika mji wa Eleusis amejigeuza kikongwe. Wenyeji wanampa divai, anaikataa. Anaomba unga wa shayiri ukorogwe kwa maji na mnanaa. Maandishi ya mhadhiri yanatua hapo kwa kurasa tatu, na mimi nilidhani anapoteza muda mpaka akaeleza: watu walioingizwa kwenye ibada za siri za Eleusis walifungua saumu yao kwa kinywaji hichohicho. Kila mwaka walitembea kutoka Athens kilomita 20 hivi, wanawake kwa wanaume, watumwa kwa waungwana, mradi ajue Kigiriki na mikono yake isiwe na damu ya mtu. Walipokunywa kile kinywaji walikuwa wanakunywa alichokunywa mama aliyefiwa na matumaini ya kumwona mwanawe. Siri ya yaliyofanyika ndani waliitunza kiasi kwamba mpaka leo hakuna awezaye kusema kwa hakika walionyeshwa nini.

Wikiendi hiyo nilikuwa kwa mama, Kaloleni. Alikuwa anachambua majani ya kunde, nikamsimulia tangu mwanzo. Nilipofika pale Demeter anapozuia mbegu zote zisiote, mama akaweka ungo chini.

"Kwani huyo mama hakuulizwa?"

"Hakuulizwa, mama. Baba ndiye aliyekubali."

"Basi ana haki, mwanangu. Shamba lisiote."

Sehemu iliyofuata ya kozi, niliyoisoma usiku ule, ilihusu ndoa za Athens ya kale: msichana akiolewa akiwa na miaka kama 14, mara nyingi na mwanamume wa miaka 30 hivi, mapatano yakiwa ni ya baba na bwana harusi, mama hana sauti ya kisheria. Utenzi ule unampa mama huyo nguvu ya kusimamisha chakula cha dunia nzima mpaka Zeus alegee. Na hata hivyo hapati yote. Persephone amekwisha kulishwa punje ya komamanga, kwa hiyo theluthi moja ya kila mwaka ni ya mumewe. Nimeusoma mwisho huo mara nyingi sasa, na bado unaniuma.

Kasoro zipo. Wiki ya nadharia inakimbia mno: Malinowski, Freud na Lévi-Strauss wamebanwa kwenye saa moja, na asiyewajua atatoka na majina matupu. Maswali ya mazoezi ni ya kuchagua jibu, yanapima kumbukumbu zaidi ya fikra. Lililonikera zaidi ni swali moja lililotaja sanduku la Pandora, yule mwanamke wa kwanza aliyefunua kifuniko maovu yakatoka. Hesiod hataji sanduku. Anasema pithos, yaani kasiki, ule mtungi mkubwa wa udongo wa kuwekea nafaka, mafuta au divai ya nyumba. Sanduku lilitokana na Erasmus, karne ya 16, alipoligeuza neno hilo katika Kilatini. Si jambo dogo. Sanduku ni fumbo. Kasiki ni ghala la chakula, na mwanamke ameshika kifuniko chake. Kozi inayotufundisha kutazama vitu vya maisha ya watu haikupaswa kuliacha hilo lipite. Niliwaandikia, sijajibiwa.

Nililigundua kosa hilo kwa sababu nilikuwa nasoma matini zenyewe pembeni, kwenye Perseus, maktaba ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Tufts. Ni ya bure, ina Kigiriki na tafsiri ya Kiingereza, na kila neno la Kigiriki ukilibofya linakupa maana yake. Msianze kozi bila hiyo. Anayetaka kuonja kwa Kiswahili kwanza atafute Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya tamthilia ya Sophocles, iliyotoka mwaka 1971. Nakala yangu ni ya baba, imetafunwa pembeni na mende, lakini inasomeka.

Kwa mwalimu mwenzangu wa fasihi, wiki ya mashujaa itakufaa moja kwa moja. Kisigino cha Achilles, mahali pekee pa kumuulia shujaa huyo, hakimo kwa Homer, mshairi wa kale aliyemwimba. Kwake Achilles ni mtu wa kujeruhiwa, mkuki wa Asteropaios unamparuza mkono na damu nyeusi inatoka. Kisigino kinakuja kwa maandishi mengine, ya baadaye sana. Nilipoona hivyo nikamfikiria Fumo Liyongo na sindano ya shaba ya kitovuni, nikajiuliza kwa mara ya kwanza ni nani aliyehitaji shujaa huyo awe na mahali pamoja tu pa kufia, na kwa nini anayepajua awe mwanawe.

Muhula huu nilianza somo bila ile sentensi. Nilichora kasiki ubaoni, nikasimulia maovu yalivyotoka na Tumaini likabaki chini ya ukingo, nikauliza: limehifadhiwa kwa ajili yetu, au limefungiwa tusilipate? Walibishana dakika zote 40. Kengele ilipolia msichana mmoja wa dawati la nyuma alikuwa bado amesimama: "Mwalimu, lakini tumaini lilikuwa linafanya nini ndani ya kasiki la maovu?" Nikaliandika swali lake chini ya mchoro, nikamwomba wa zamu asifute ubao.