Walanguzi wa Grand Exchange: uzoefu wangu wa kuuza papa

Nacheza Old School RuneScape, mchezo wa mtandaoni, kwenye simu, na kwa muda mrefu niliwachukia walanguzi wa Grand Exchange, lile soko kuu la wachezaji katika mji wa Varrock humo mchezoni. Kuvua papa kunadai leveli 76 ya uvuvi. Nilifika huko kwa jasho, nikakesha nikivua mmoja mmoja na kuwapika, halafu mtu ambaye hajashika chusa ananunua kwangu kwa sarafu 700 na kuuza 740. Kwetu Tanzania neno mlanguzi lina uchungu wake tangu msako wa walanguzi na wahujumu uchumi wa 1983, nami nililitumia kwa uchungu huohuo.

Siku moja nikaamua kufanya kazi yao. Nikaweka oda ya papa kwa 700, nikaenda kazini. Jioni nilikuta wameingia 3,000 tu. Kikomo cha kununua ni papa 10,000 kwa kila muda wa saa 4, ila sikukikaribia. Kilichonitesa ni kungoja huku pesa zangu zote zimelala pale. Nilipouza kwa 740, kodi ya soko, iliyoanza 2021 ikiwa asilimia 1 na sasa ni 2, ilikata sarafu 14 kwa kila papa. Nikabaki na 26. Safari iliyofuata bei iliporomoka hadi 690 nikiwa na mzigo mzima, na hasara ikawa yangu peke yangu.

Ndipo nilipoelewa ni nani aliyekuwa akinunua papa wangu saa nane usiku. Niliandika 650 ili waondoke upesi nikalale, na soko likanipa 700, kwa sababu oda ya mlanguzi ilitangulia kukaa pale ikingoja. Bila yeye ningepata kidogo zaidi, au nisingeuza kabisa usiku ule. Soko hili liliingizwa mchezoni 2015. Kabla yake ulisimama ukitangaza bei yako mpaka mtu atokee.

Kuna kundi moja ambalo sijalisamehe. Hawa hupatana kimyakimya, wakakusanya kitu kinachouzwa kwa uchache, kisha wakaeneza habari kwamba kinapanda. Kikomo cha manunuzi huwapunguza makali, lakini kikomo huhesabiwa kwa akaunti, na wao ni wengi. Mdogo wangu alishawishiwa hivyo, akanunua kofia kwa mara tatu ya bei ya wiki iliyotangulia. Waliomhimiza anunue ndio waliokuwa wakimuuzia. Kumwita mmoja wa hawa na yule anayengoja faida ya sarafu 26 kwa jina moja ni kumwonea wa pili.

Mdogo wangu ameanza upya kwa Ironman, akaunti isiyoruhusiwa kununua wala kuuza kwa mchezaji mwingine. Kila anachovaa amekitafuta mwenyewe, na anafurahi. Mimi nimebaki sokoni. Siku hizi papa wangu nawaandika 735 kabla ya kulala, na mara nyingi asubuhi nakuta wameshaondoka.