Kozi fupi ya amani pale Upper Hill: pilau tamu, Tigray hakuna

Wale mnaniuliza kama ile kozi fupi ya amani na migogoro pale Upper Hill, Nairobi, ni ya maana ama ni kutupa pesa, haya ndo majibu. Jina la taasisi sitaji. Ada ni elfu 35, unatuma kwa M-Pesa na risiti inakuja palepale. Nyota nawapa mbili kwa tano.

Nianze na mazuri nisionekane nina roho mbaya. Ukumbi uko poa, viti haviumizi mgongo, wifi haikatiki, na lanchi jamani, pilau yenyewe si ile ya kutafuta nyama kwa tochi. Walimu pia wanajua kuongea, yule daktari wa somo la Rwanda alitueleza vile Umoja wa Mataifa ulipunguza askari wake Aprili 1994 wakabaki kama 270, na watu wakiwa wanachinjwa, darasa lote kimya. Ukraine ikapewa asubuhi nzima, tukaonyeshwa ile hotuba ya Februari 2022 ya Martin Kimani, balozi wetu Umoja wa Mataifa wakati huo, na watu wakapiga makofi ni kama yuko hapo mbele. Bosnia ipo, Liberia ipo, hata Ireland Kaskazini ipo.

Sasa ikafika moduli ya Pembe ya Afrika. Slaidi ya kwanza ni ramani, Somalia nyekundu, Sudan Kusini nyekundu, Ethiopia imepakwa kijani na juu yake pameandikwa makao makuu ya Umoja wa Afrika. Kijani! Nchi iliyokuwa na vita Tigray, jimbo lake la kaskazini, kuanzia Novemba 2020 mpaka Novemba 2022, na jirani Eritrea ikaingiza jeshi lake humo ndani.

Darasani tulikuwa na dada mmoja wa huko Tigray, akainua mkono kwa heshima zote, "Samahani daktari, na kwetu je?" Daktari (si yule wa Rwanda, huyu ni mwingine) akaangalia saa, akasema hiyo ni mada nyeti halafu data zake haziaminiki, wacha tutaongea wakati wa chai. Chai ikaja, daktari ashaenda, ati ana mkutano. Dada wa watu akabaki na kikombe chake hapo kando ya dirisha, na wanadarasa wenzetu wanabishana kuhusu Arsenal.

Hiyo ya data ndo ilinichoma. Kwani data ilipotea yenyewe? Vita vilipoanza simu na intaneti zilizimwa, benki zikafungwa, waandishi wakazuiwa, malori ya chakula yakawa yanakwama njiani huko Afar, jimbo la jirani, hospitali ya Ayder pale Mekelle, mji mkuu wa Tigray, ikaishiwa dawa. Aliyezuia watu wasihesabiwe ndo huyo huyo anafaidika ukisema hawajahesabiwa, na msomi mzima anakubali tu na kuendelea na slaidi inayofuata.

Na wako waliojaribu kuhesabu. Timu ya Chuo Kikuu cha Ghent kule Ubelgiji, ya Jan Nyssen, mtu wa jiografia ambaye ameifanyia Tigray utafiti miaka na miaka, ilikadiria mapema 2022 kwamba raia kati ya 300,000 na 500,000 wamekufa kwa kuuawa, kwa njaa na kwa kukosa matibabu. Obasanjo, yule rais wa zamani wa Nigeria aliyekuwa mpatanishi wa Umoja wa Afrika, alitaja kama 600,000. Amnesty, wale wa haki za binadamu, walitoa ripoti ya Aksum, mji wa huko Tigray, Februari 2021, mamia ya raia waliouawa na askari wa Eritrea mwishoni mwa Novemba 2020. Kama namba hazikuridhishi, zilete tuzikosoe, si ndo kazi ya darasa?

Na sisemi kuna upande wa malaika. Tume ya wataalamu ya Umoja wa Mataifa iliandika 2022 kwamba jeshi la Ethiopia, la Eritrea na wapiganaji wa Tigray wote walifanya uhalifu, na raia wa majimbo jirani ya Amhara na Afar waliumia pia. Unaisoma bure mtandaoni, bila elfu 35. Tume yenyewe ilipofika Oktoba 2023 hakuna nchi iliyojitokeza kuiombea muda zaidi, ikaishia hapo. Ile ya Umoja wa Afrika ikafungwa mwaka huohuo kimyakimya.

Lakini sisi Wakenya ndo hatuna kisingizio kabisa. Kenya ilikuwa na kiti Baraza la Usalama 2021 na 2022, na kikao cha kwanza cha wazi kuhusu Tigray kilikuja Julai 2021, vita vikiwa na miezi minane. Uhuru Kenyatta alikuwa mmoja wa wapatanishi kule Pretoria, mkataba wa kumaliza vita hivyo uliposainiwa. Halafu makamanda, Birhanu Jula wa Ethiopia na Tadesse Werede wa Tigray, wakaja kusaini utekelezaji wake hapahapa Nairobi, Novemba 12, 2022. Hapahapa kwetu! Sisi somo la mikataba ya amani tukafundishwa Dayton, ule mkataba wa Bosnia.

Nilimshika mratibu pakingi, kijana mstaarabu sana, nikamuuliza mbona. Akacheka kidogo, "Mkubwa, hawa walimu kazi zao za ushauri ziko Addis, nani anataka kuonekana ni mtu wa TPLF, chama cha Tigray kilichopigana na serikali?" Angalau yeye alisema ukweli, na bure.

Kwa hivyo, kama shida yako ni cheti cha kupeleka kazini upandishwe cheo, enda, kina muhuri na hawacheleweshi. Kama unataka kuielewa Pembe ya Afrika, omba slaidi za hiyo moduli kabla hujatuma chochote, na uangalie ramani imepakwa rangi gani. Ukishalipa hawarudishi, mimi nimeuliza.