DVD za Leleti Khumalo: ipi ununue, ipi uiache dukani

Msimu wa mahafali ukikaribia, sekondari nyingi za hapa Morogoro hutaka "kipande cha Sarafina", ile filamu ya nyimbo ya wanafunzi wa Soweto wanaopinga ubaguzi wa makaburu, na kwa kuwa nafundisha kwaya, kipande hicho huishia mikononi mwangu. Vijana huja wanakijua tayari: ngumi juu, sare, kelele nyingi. Waulize huyo Sarafina ni nani, wengi watakujibu Whoopi Goldberg, yule Mmarekani anayeigiza mwalimu. Ndiyo maana safari hii nikazitafuta diski zenyewe, niwaoneshe Leleti Khumalo, binti wa Afrika Kusini aliyemwigiza Sarafina, ni yupi. Nimeshazitazama, basi ngoja nimpunguzie gharama mwalimu mwingine mwenye nia kama yangu.

Nianze na ya kuiacha. Kuna diski ya Sarafina! inayouzwa vibandani kwa elfu mbili, imeandikwa IMETAFSIRIWA kwa herufi nyekundu, na Whoopi kajaa jalada zima. Sina ugomvi na watafsiri wa filamu. Nimekulia kwenye vibanda umiza, na filamu ya Kichina isiyo na mtafsiri tuliiona haina chumvi. Ila kwenye filamu ya nyimbo ni balaa, kwa sababu mtafsiri hanyamazi. Wanafunzi wanaanza "Freedom Is Coming Tomorrow", sauti zinapandana vizuri, naye anaingia katikati: "Hapo sasa Sarafina anawaambia wenzake, leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo!" Wimbo mzima unasema uhuru unakuja kesho. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni. Tatizo la pili halichekeshi: sauti imebanwa mno, besi zimekufa kabisa, ukiunganisha kwenye sabufa unasikia mvumo tu. Kwa mtu anayetaka kufundisha sauti nne, diski hiyo ni hasara hata ukipewa bure.

Ile halisi niliagiza kwa mtoto wa dada yangu aliyeko Johannesburg, akaniletea pamoja na Yesterday ya mwaka 2004. Bei yake ni kubwa, sikatai. Lakini picha ni safi, Kizulu kinasikika, na maandishi ya Kiingereza yanapita chini bila kufunika nyuso. Hizi mbili zinafaa kutazamwa kwa kufuatana: mwongozaji ni yuleyule, Darrell Roodt, na mwigizaji mkuu ni yuleyule, miaka kumi na miwili katikati.

Sasa Leleti mwenyewe. Kazaliwa 1970 KwaMashu, kitongoji cha Durban, mama yake akifanya kazi za ndani. Alianzia kwenye Amajika, kikundi cha vijana kilicholelewa na Tu Nokwe, na huko ndiko Mbongeni Ngema, mtunzi wa michezo ya jukwaani, alikomkuta alipokuwa akisaka vijana wa mchezo wake mpya. Nafasi ya Sarafina ikaandikwa kwa ajili yake. (Ngema baadaye akawa mumewe, kisha wakaachana, ya ndani kwao siyaingilii.) Mchezo ukafunguliwa Market Theatre ya Johannesburg mwaka 1987, muziki wakiwa wameutunga Ngema na Hugh Masekela. Mwaka huohuo ukaenda New York, na Januari 1988 ukaingia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za jiji hilo, ukumbi wa Cort, ukachezwa mara 597. Leleti aliteuliwa kuwania Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Broadway, akiwa na miaka 18. Hakuipata. Sijui wangapi wa umri ule wameitwa jina kwenye sherehe ile wakitokea mtaa wa aina ya KwaMashu, tena nchi yao ikiwa bado chini ya makaburu.

Nina rekodi ya waigizaji wale wa Broadway kwenye fleshi, na hapa nitasema jambo litakalowaudhi mashabiki. Ukiusikiliza muziki peke yake, Leleti si sauti kubwa kuliko zote mle ndani. Wapo akina dada wenye sauti ya kwanza ya kupasua bati, na wapo wavulana wa besi wanaotikisa meza. Ya kwake ni ya katikati, ina ukwaruzo kidogo, na akipanda juu unaisikia ikijikaza. Kwenye kwaya yangu ningemweka sauti ya pili na nisingempa solo ya Pasaka. Kwa nini basi yeye ndiye Sarafina? Jibu halimo kwenye rekodi, limo kwenye picha. Anaposimama mbele kuongoza, wenzake hawamsikilizi tu, wanamfuata. Mabega, shingo, macho, vyote vimeshaanza kuimba kabla mdomo haujafunguka. Kiongozi wa namna hiyo utafundisha vijana miaka na usimpate.

Kwenye filamu ya 1992 tazama gwaride la asubuhi, Baba Yetu inapogeuka ngoma uwanja mzima. Vijana wangu hukimbilia kuiga miguu. Mimi nikawaambia wasimamishe picha, wamtazame Leleti peke yake, kisha waniambie anavuta pumzi lini. Hawakuona. Anavuta puani, taratibu, akiwa anacheza, mdomo umefungwa kwa tabasamu. Ndiyo maana mstari wake haukatiki. Wa kwangu huinua mabega kama wanabeba zege, na ukumbi mzima unajua sasa wanapumua.

Ila kilichonishika zaidi humo si wimbo. Ni pale Sarafina, ameshatoka kizuizini, ameshateswa, anapomfuata mama yake kwenye nyumba ya Wazungu anakotumika. Mwanzoni alikuwa akimdharau mama huyo kwa unyonge wake. Sasa anamwomba radhi, na anamwambia shujaa ni yeye mama. Mama ni Miriam Makeba, yule ambaye sisi huku tukimtaja tunaisikia Malaika. Hapo unaye malkia wa nyimbo wa Afrika, umempa mwanamuziki kijana wa Broadway amkabili, na wote wawili wanazungumza kwa sauti ya chini jikoni. Makeba hamzidi binti, binti naye hajipendekezi kwake. Macho ya Leleti yamevimba kidogo, anaongea polepole, kama mtu ambaye kila neno linapita kwenye jeraha. Rudia hapo mara mbili.

Tahadhari kwa walimu: si filamu ya kuwawekea kidato cha kwanza. Kuna askari mweusi anayechomwa moto na wanafunzi, kuna mateso ya gerezani, na havikupakwa sukari. Tuliokulia Morogoro tuna sababu yetu ya kutoikwepa lakini. Vijana waliokimbia Soweto baada ya maandamano ya wanafunzi ya Juni 1976 walikuja kusoma hapahapa Mazimbu, kwenye chuo cha ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, na ANC iliikabidhi Mazimbu kwa serikali yetu Julai 1992, mwaka uleule filamu ilipotoka. Leo ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wanafunzi wangu hupita pale kwa bodaboda wakielekea mazoezini, na hawakuwa wameunganisha Sarafina na lile jina getini mpaka nilipowaambia.

Kidogo Whoopi. Anaigiza vizuri mwalimu wa historia anayekataa kufundisha jinsi serikali inavyotaka, na jina lake ndilo lililouza filamu Marekani. Lakini kila anapotokea, kamera inamkumbuka yeye kwanza na Leleti anasukumwa pembeni. Mwalimu akishachukuliwa na polisi, filamu inarudi kwa mwenyewe na inasimama wima.

Sasa Yesterday. Hii ndiyo ningekwambia ununue kama mfuko unaruhusu moja tu, ingawa mahafali hayatakushukuru, maana si filamu ya nyimbo. Ni ya Kizulu mwanzo mwisho, na ilikuwa filamu ya kwanza ya Afrika Kusini kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Leleti ni mama kijijini KwaZulu, jina lake Yesterday, ana binti mdogo anayeitwa Beauty, na mumewe yuko migodini Johannesburg. Anaumwa. Anatembea na mtoto njia ndefu ya vumbi mpaka kliniki, anakuta foleni, zamu haimfikii, anaambiwa arudi wiki nyingine. Aliyewahi kupeleka mgonjwa zahanati ya kijijini hahitaji maelezo zaidi. Akishapimwa, anakutwa na virusi vya UKIMWI. Anamfuata mume mgodini kumweleza, na mume anampiga.

Hapo ndipo yule binti wa ngumi juu anapokuwa mwigizaji wa aina nyingine kabisa. Hapigi kelele. Halii kwa kutuonesha. Mume anarudi kijijini amekwisha, majirani wanaanza kuogopa na kunong'ona, naye anaokota mabati na vyuma chakavu anamjengea kibanda nje ya kijiji amuuguzie humo. Namna anavyobeba bati, kwa mkono ulioishiwa nguvu lakini hautaki kusaidiwa, ni kitu ambacho hakuna mwalimu wa maigizo anayeweza kukuandikia ubaoni. Ameapa hatakufa mpaka Beauty aanze shule. Siku mtoto anapoingia darasani, mama anachukua nyundo kubwa anakirudia kile kibanda, na kila pigo lina hesabu yake. Mke wangu, ambaye kwa kawaida hulala filamu ikifika katikati, hakulala.

Dosari ipo: mwendo ni wa polepole, na kuna mandhari ya milima inayokaa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Vijana wawili walitoa simu. Nikawaacha.

Mwaka huohuo wa 2004 yumo pia kwenye Hotel Rwanda, na 2009 kwenye Invictus, nafasi ndogo zote mbili. Usinunue hizo kwa ajili yake. Kwenye runinga amefanya kazi nyingi kuliko jukwaani na ndiko Wasauzi wanakomjua siku hizi: Busi Dlomo wa Generations, mwanamke wa suti na ofisi; Zandile wa Uzalo, tamthilia ambayo hadithi yake iko KwaMashu kwao; halafu MaZulu wa Imbewu, aliyefungiwa ndani ya siri ya uzazi ya ukoo wa Bhengu. Hizi nimeziona vipandevipande kwenye simu, na sitazipa nyota. Tamthilia za kila siku zinapikwa haraka na inaonekana. Ila yeye haharakishi. Mwenzake anabwata, yeye anasubiri, anameza mate, ndipo anajibu. Ana mbalanga, ambayo kwa miaka mingi aliifunika kwa vipodozi, na kwenye Imbewu aliiacha ngozi ionekane ilivyo. Mmoja wa waimbaji wangu wa sauti ya kwanza analo baka kama hilo shingoni na huvaa skafu hata kwenye joto la Machi. Nilimwonesha kipande kimoja, sikusema neno. Akaniomba nimtumie kwa WhatsApp.

Kwa muhtasari wa mfuko: iliyotafsiriwa, hapana. Sarafina! halisi, ndiyo, na tafuteni yenye maandishi ya chini yanayoweza kuzimwa, kwa sababu vijana wakiyaona wanasoma badala ya kusikiliza. Yesterday, ndiyo, ila tazameni watu wazima kwanza. Ya kwangu nimeiazimisha kwa mwenyekiti wa kwaya na kila Jumapili ananiambia bado mkewe anaitazama.