Mboga za supu ya kuku: zipi ununue kwanza, zipi uziache gengeni

Kabla hujatoka kwenda gengeni, jua una kuku gani. Kuku wa kisasa huiva ndani ya dakika 35 hadi 45. Wa kienyeji, hasa jogoo au mtetea mzee, atakaa jikoni saa moja na nusu, pengine mbili na zaidi. Hakuna karoti itakayochemka saa mbili ikabaki na ladha yake. Kwa hiyo mboga za supu zina kazi mbili. Ziko za kutoa ladha kwenye maji, ambazo zikishachoka huopolewa na kutupwa, na ziko za kuliwa, ambazo huingia mwishoni. Anayenunua fungu moja na kulitumbukiza lote pamoja na kuku hupata supu isiyo na harufu ya mboga na vipande vinavyopondeka kijikoni.

Vipimo vyote hapa ni vya kuku mmoja wa kilo 1.2 hadi 1.5. Maji ni lita 3 kwa kienyeji, lita 2 kwa wa kisasa.

1. Kitunguu maji

Hiki hakina mbadala. Ukiwa na hela ya mboga moja tu, nunua vitunguu viwili vya wastani, kama gramu 250 kwa pamoja. Vyekundu vya Mang'ola au Singida vinafaa kabisa. Rangi ya ganda isikushughulishe, angalia shingo, pale majani yalipokatiwa. Ibonyeze kwa kidole gumba: ikiwa kavu na imejifunga kama karatasi iliyosokotwa, kitunguu kilianikwa vizuri. Ikibonyea, kuna tabaka ndani limeanza kuteleza, na tabaka moja lililooza hunukisha sufuria nzima, harufu ambayo hata tangawizi haiifichi. Msimu wa mvua kagua kimoja kimoja, kwa sababu vingi hufika sokoni vikiwa na unyevu. Kilichochipua kijani kiache, maana utamu umeshakwenda kwenye chipukizi.

Kimoja kikate katikati, ukilaze kwenye kikaango kikavu upande uliokatwa uwe chini, mpaka uwe kahawia iliyokolea. Hapo ndipo supu inapata rangi bila kuongezewa kitu cha pakiti. Kikifika kuwa cheusi kama mkaa, kitupe, kitatia uchungu.

2. Karoti

Nunua saizi mbili: moja au mbili nene kwa ajili ya maji, na tatu nyembamba, unene wa kidole gumba, za kuliwa. Nene mara nyingi zina moyo mgumu wa njano katikati, usiopendeza mdomoni lakini unaofaa sana kwenye mchuzi. Mwombe muuzaji uvunje moja. Nzuri hukatika kwa mlio na ndani huwa na unyevu. Ikipinda kwanza kabla ya kukatika, imepoteza maji siku nyingi.

Begani ikiwa ya kijani, ilichomoza juu ya udongo ikapigwa jua, na sehemu hiyo ni chungu. Ikate, au chagua nyingine. Zenye udongo hukaa muda mrefu kuliko zilizooshwa zikang'arishwa, na zenye majani yakatwe mara tu ufikapo nyumbani kwa kuwa yanaendelea kunyonya maji ya mzizi. Usiziweke kapu moja na ndizi mbivu au nyanya zinazoiva, kwani hewa inayotoka kwenye matunda hayo huzifanya karoti kuwa chungu. Wengi hulaumu mbegu kumbe kosa ni kapu.

Mafungu yaliyokwisha kukatwakatwa na kufungwa kwenye mifuko yanaokoa dakika kumi, lakini karoti hukauka juu na hoho huanza kutoa maji chini ya mfuko. Kwa supu hayafai.

3. Tangawizi na kitunguu saumu

Tangawizi ya kidole gumba kimoja, gramu 20 hivi, inatosha. Vidole vidogo vyenye nyuzi, kama vinavyotoka milima ya Same, vina ukali kuliko vile vinene vinavyong'aa. Kwaruza ganda kwa ukucha: harufu ije hapo hapo. Iliyokunjamana ni nyepesi mkononi na ndani ni nyuzi tupu. Iponde, usiisage, maana iliyosagwa hutia ukungu kwenye supu.

Saumu ni punje nne hadi sita. Kichwa kiwe kigumu ukikibana. Ukipasua punje ukakuta chipukizi la kijani katikati, litoe, ndilo lenye uchungu.

4. Seleri, au liki

Seleri ndiyo inayoitofautisha supu na maji ya kuku, na ndiyo wengi huiruka. Sokoni utasikia pia ikiitwa figili. Ya kwetu ina mashina membamba na majani ya kijani iliyoiva, na ina nguvu: mashina mawili tu, majani machache. Ukitia shada zima supu itakuwa na ukakasi kama dawa. Ukiikosa, chukua liki moja, mmea wa jamii ya kitunguu, yenye sehemu nyeupe ndefu, maana hiyo ndiyo inayoliwa. Ipasue kwa urefu na kuiosha tabaka kwa tabaka, kwa kuwa mchanga hukaa humo ndani.

5. Viazi mviringo

Hivi ni vya kushibisha, havitii ladha. Vinne vya saizi moja, kama nusu kilo, ili viive pamoja. Tatizo la viazi vyetu vingi ni kwamba ni vya unga, na kiazi cha unga hupasuka na kuigeuza supu kuwa uji mwepesi. Ukikata kimoja na kusugua vipande viwili, vikaacha maji mazito meupe na kushikana, ni cha unga. Kitie dakika 15 tu za mwisho, kwa vipande vikubwa. Wanunuzi wa Kenya wanaijua aina ya kiazi iitwayo Shangi kwa hili: huiva haraka na hupondeka haraka.

Kiazi chenye ukijani kimekaa kwenye mwanga, na sumu yake haitoki kwa kuchemsha. Usikubali kuongezewa hicho kama nyongeza. Ndizi mbichi mbili zaweza kuchukua nafasi ya viazi. Zimenye ukiwa umejipaka mafuta mikononi kwa sababu ya utomvu, na uzitumbukize majini mara moja zisiwe nyeusi.

6. Hoho, nyanya, giligilani

Hoho nusu, dakika kumi za mwisho. Ikizidi hapo supu nzima inanukia hoho. Nyanya moja iliyoiva inatosha, na isiingie kabla viazi havijalainika: uchachu hukikaza kiazi, ukabaki unachochea moto na hakiivi. Limao na ndimu nazo ni hivyo hivyo, zikae mezani. Giligilani, yaani kotmiri au dania, nunua yenye mizizi. Mashina yake yafunge uyatie pamoja na hoho, majani ukatie ukishazima moto.

Za kuacha

Kabichi ni ya mchemsho. Ikichemka zaidi ya dakika 15 hutoa harufu nzito, na kesho yake ukipasha supu harufu hiyo ndiyo itakayokupokea mlangoni. Bitiruti hugeuza kila kitu kuwa chekundu. Mchicha huwa mweusi, bamia hutia mlenda, nyanya chungu huacha uchungu ambao wageni hawatausema lakini watauacha bakulini.

Zinavyoingia

Chemsha kuku peke yake kwanza na uengue povu mpaka liishe, la sivyo linaganda kwenye mboga. Ndipo utie kitunguu kilichokaangwa, karoti nene, tangawizi, saumu na seleri. Kuku akikaribia kulainika, ziopoe zote na uzitupe bila huruma, kisha tia kitunguu cha pili na karoti nyembamba, dakika 25 kabla ya kuepua, na viazi dakika kumi baadaye. Kwa kuku wa kisasa muda ni mfupi, hivyo karoti nene ikate vipande vidogo vya nusu sentimita itoe ladha mapema. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, maji yakishapungua.