Binamu wa Ohio na kalibre ya kulungu: .243, .308 na .30-06 mezani

Jambo wandugu, karibuni tena. Mkisikia kelele nyuma yangu, ni jenereta ya jirani. Umeme umekatika tangu asubuhi, na mimi nimechoka kungoja.

Leo mezani sina bunduki, niseme mapema. Hapa Lubumbashi, Kongo, silaha si kitu cha kuonyesha kwenye video. Uwindaji una sheria yake, ile namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, una vibali vyake, na silaha nayo ina kibali chake peke yake. Kwa hiyo msiniandikie kuuliza bei wala kwa kupata. Nilicho nacho ni maganda manne matupu ya risasi, yameshafyatuliwa, nimeyaokota kazini. Haya hapa. Nimeyapanga kutoka dogo hadi kubwa, na hili la mwisho tutalifikia, lina kisa chake.

Kisa chenyewe cha leo kinaanza na binamu yangu. Yuko Columbus, Ohio, anafanya kazi ghalani. Wenzake wa kazini wamemwalika kuwinda kulungu msimu unaokuja. Ameniandikia saa sita ya usiku, akiniita yaya, yaani ndugu mkubwa: "Yaya, wewe mambo ya pori unayajua. Nichukue kalibre gani? Huku kila mtu ananisifia ya kwake." Kalibre ni unene wa risasi ambayo bunduki inapiga. Nikaona jibu ni refu, acha niliseme mbele yenu wote.

Kwa wageni wa hapa: mimi ni mfuatiliaji wa nyayo na mbeba bunduki. Kila kiangazi navuka mpaka wa Kasumbalesa, naenda kufanya kazi kwenye shamba la wanyama upande wa Zambia, wageni wanakuja kuwinda kwa kibali. Risasi nilizofyatua mwenyewe si nyingi. Ila nilizoona zikifanya kazi kwenye mwili wa mnyama ni nyingi sana, maana baada ya mlio ni mimi ninayeinama kutafuta damu kwenye majani.

Kwanza tuelewane juu ya mnyama. Kulungu wa binamu siye kulungu wetu. Huyu wetu wa vichakani, pongo, mwenye madoa na mistari, pembe zake anazikwa nazo. Yule wa Ohio mwenye mkia mweupe, pembe zake zinadondoka kila mwaka na kuota upya. Lakini risasi haijali pembe. Dume wa mkia mweupe ana kilo 60 hadi 130 hivi, pongo dume ana 45 hadi 80. Kwa wote wawili, mahali pa moyo na mapafu ni duara la sentimita 20 hivi. Ishike hiyo namba, 20. Tutairudia.

Haya, ganda la kwanza. Hili ni .243 Winchester, aina iliyotoka mwaka 1955. Hiyo .243 ni unene wa kichwa cha risasi kwa inchi, kwetu ni milimita 6.17. Kichwa cha risasi ni chepesi, gramu 6.5, kinatoka kwenye mtutu kwa mita 900 kwa sekunde hivi. Wengi wanaiita ya watoto na ya wanawake, na wakisema hivyo wanacheka. Mimi nimeona mama mmoja, mgeni, mwembamba hivi, ameangusha impala watatu kwa risasi tatu za .243, na mume wake na bunduki yake kubwa akabaki kutuambia habari za upepo. Ubaya wake ni kwamba haikusamehei. Ukigonga mfupa wa bega kwa kichwa chepesi kinachopasuka haraka, kinaweza kisifike ndani.

La pili, .308 Winchester, la 1952. Angalieni vizuri, niyaweke pamoja. Mmeona? Ganda ni lile lile, .243 ni hili limebanwa shingo. Hapa kichwa ni gramu 9.7, kasi mita 860 kwa sekunde, nguvu inapita kidogo joule 3,500. Hii ndiyo niliyoibeba mara nyingi kuliko zote, na karibu kila duka la risasi duniani linayo. Ukiisawazisha ipige katikati kwa mita 100, kwa mita 200 imeshuka sentimita 10 hadi 12, na kwa 300 imeshuka zaidi ya 40. Kwa hiyo wengi wanaipandisha sentimita 5 kwenye mita 100, ili mita 200 ipige pale pale unapolenga. Kwenye miombo yetu mazungumzo hayo ni ya kupamba tu. Huwezi kuona mita 200. Tunapiga kwa 70, 90, ukibahatika dambo, lile bonde la majani, liko wazi basi 130.

La tatu, .30-06. Wanasema "thati-oti-siksi", hiyo 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani ndilo lililoianzisha. Ganda lina urefu wa milimita 63, la .308 lina 51. Baruti inaingia zaidi, na kwa kichwa kile kile unapata mita 25 au 30 za ziada kwa sekunde. Ndiyo hivyo. Watu wanagombana miaka kwa sababu ya mita 30, na mnyama hajawahi kujua tofauti. Faida yake ya kweli ni kwamba inabeba vichwa vizito, gramu 11 hata 14, kwa mnyama kama palahala dume wa kilo 230. Kulungu hahitaji hayo.

Kuna mtu ataandika hapo chini: na 6.5 Creedmoor? Ninaijua, ya mwaka 2007, kichwa chembamba na kirefu, kinakata upepo vizuri, teke lake la kurudi begani ni la upole. Nzuri. Kama unapiga mbali. Sikupata ganda lake la kuokota, ndiyo sababu haipo mezani.

Sasa jambo ambalo sisi wa Lushi, yaani Lubumbashi, mji wa shaba, hatuwezi kuliruka: shaba. Kichwa cha kawaida cha risasi ya kuwindia ni risasi ndani, namaanisha ile metali nzito, Kiswahili kimeziita zote mbili jina moja, na nje kimevikwa koti la shaba. Kikiingia mwilini kinafunguka kama uyoga, na vipande vidogo vinatawanyika kwenye nyama, na metali hiyo ni sumu. Siku hizi kuna vichwa vya shaba tupu, vinafunguka bila kumeguka. California imekataza risasi za metali nzito kwa uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019. Shaba ni nyepesi kuliko ile metali, kwa hiyo kichwa cha uzito ule ule kinakuwa kirefu zaidi, na si kila mtutu unakipenda, lazima ujaribu kwako. Mimi kwa nyama ya kula napendelea shaba tupu. Ukikosa, kata na utupe nyama yote iliyozunguka tundu, usiionee huruma. Nimewahi kutafuna kipande cha metali kwenye bukari, ugali wetu, mbele ya mama mkwe. Sitaki kuongea zaidi.

Haya, hili la nne, kubwa. .300 Winchester Magnum, ya 1963. Kuna mwaka bosi alinipa ruhusa nimpige pongo wa nyama ya wafanyakazi, na bunduki iliyokuwa karibu ilikuwa hii, ya mgeni, alikubali niitumie. Nikajiona mkubwa. Pongo alikuwa mita 80, amesimama ubavu wazi, kama picha. Nikapiga. Akaondoka. Tulikuta damu ya kijani kidogo, yenye majani ya tumboni, na kila mfuatiliaji anajua maana yake. Tulimfuata hadi giza likatukuta, kesho yake saa nne tukampata, fisi walishatangulia. Mzee aliyenifundisha nyayo hakunigombeza. Siku iliyofuata alinipeleka kwenye kichuguu, mnavijua vichuguu vyetu, mlima wa udongo unaopita nyumba, risasi haitoki upande wa pili. Akaweka karatasi. Akawa ananipakilia bunduki yeye, mimi nimegeuka nyuma. Mara anaweka risasi, mara anaweka ganda tupu, hasemi. Ganda tupu la kwanza: nilivuta kifyatuo, hakuna mlio, na mtutu ukaruka chini kama nimechomwa sindano. Macho nimeyafumba! Bunduki haijalia bado mimi nimeshakimbia.

Hiyo ndiyo sababu ya kukosa kwa wengi, na inatoka kwenye bega. Kwa bunduki ya kilo 3 na nusu hivi, teke la .243 ni karibu joule 12. La .308 ni kama 22. La .30-06 linafika 27. La .300 Magnum ni 35 hivi, karibu mara tatu ya ile "ya watoto". Mwili unajifunza haraka, risasi tano za 35 zinatosha kukufundisha woga, na woga huo kuutoa ni kazi ya miezi. Mimi niliutoa kwa kufyatua bila risasi chumbani, bunduki tupu, nimeikagua mara mbili, naangalia kama alama ya darubini inatikisika wakati kifyatuo kinaachia. Kila jioni mara 20. Halafu nikarudi kwenye .243 msimu mzima. Wenzangu walinicheka. Wacheke.

Mnaona ninakokwenda. Binamu ananiuliza kalibre, mimi nataka kujua sahani yake. Chukua sahani ya karatasi ya sentimita 20, ile namba niliyosema mshike. Ibandike mbele ya kichuguu, au huko kwenu kwenye uwanja wa kulengea. Usikae mezani na mifuko ya mchanga, mezani kila mtu ni bingwa. Piga goti, au tumia fimbo tatu zilizofungwa juu kama tunavyofanya sisi. Piga tano kwa mita 50. Zote tano ziko ndani? Rudi nyuma hadi 75. Halafu 100. Pale ambapo moja imetoka nje ya sahani, mpaka wako umeishia kabla ya hapo, hata kama sanduku la risasi limeandikwa mita 400. Nimebeba bunduki za watu wenye darubini ya dola elfu mbili ambao mpaka wao ni mita 60. Nao wakikubali ukweli huo tunarudi na nyama, tunasogea polepole, tunangoja upepo, basi.

Na ubavu. Fuata mstari wa nyuma wa mguu wa mbele, panda theluthi moja ya mwili kutoka chini. Akikuangalia uso kwa uso, au amekupa makalio, mwache ageuke. Hataki kugeuka, mwache aende.

Sasa binamu, kaa chini. Haya maganda matatu niliyoyasifu yote, .243, .308, .30-06, kwa kulungu Ohio huruhusiwi kuyatumia. Nilipoanza kusoma sheria zao nilicheka peke yangu. Msimu wa bunduki huko wanataka bunduki ya marisau, au ya kupakia kwa mdomo wa mtutu, na kama ni raifo, bunduki ya aina ninayobeba mimi, ganda lake lazima liwe limenyooka kutoka kitako hadi mdomo, lisilo na shingo, kipenyo kuanzia .357 hadi .50. Mashamba na nyumba vimekaribiana, nchi ni tambarare, wanataka risasi ambayo haisafiri mbali. Hizi zangu zote zina shingo, angalieni, hapa, hapa na hapa.

Kwa hiyo wenzako wanaokusifia .308, waulize wanawinda wapi. Huenda wanavuka kwenda Pennsylvania, huko sehemu kubwa zinaruhusiwa. Ohio utatafuta .350 Legend, ya 2019, ganda limenyooka, kichwa cha gramu 9.7 kwa mita 700 hivi kwa sekunde, na teke lake halikufikishi popote karibu na ile Magnum yangu. Mwisho wake ni mita 150 hivi kwa kulungu, nawe hutafika huko mwaka huu. Kuna .450 Bushmaster, ina nguvu, ila bega lako silijui. Kuna hata .45-70 ya mwaka 1873, bado inauzwa, wazee hawastaafu. Na kabla ya yote kuna darasa lao la usalama wa uwindaji, nenda ukae nalo hata kama unaona aibu kukaa na watoto wa miaka kumi na miwili.

Uamuzi wangu kwa wengine mnaouliza mko mahali ambapo sheria haibagui shingo: kama hujawahi kupiga, .243 yenye kichwa cha shaba tupu. Kama bega lako limeshazoea na unataka bunduki moja kwa kila kitu hadi tandala, .308. Hiyo .30-06, kama baba yako alikuachia pamoja na karatasi zake, itunze, hakuna sababu ya kuibadilisha. Hili la nne nitalitoboa nilifanye kishikio cha funguo.

Binamu, usinunue kitu bado. Azima ya mwenzako mwenye .350, nendeni uwanjani, unitumie picha ya sahani ya mita 50. Sahani, si sura yako na bunduki.